UZI: Una viza ya muda mrefu, lakini mpakani unasomwa kama mtalii. Tuelezane kwa kina

Mlinda Tarehe (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Uzi huu ni wa wanaofanya kazi kwa mtandao, mwajiri au wateja wakiwa nje ya nchi wanayokwenda kuishi, na tayari wana viza ya muda mrefu: ile ya herufi D kwa nchi za Schengen (nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao), DTV ya Thailand na nyingine za aina hiyo. Wengi hudhani kazi imeishia ubalozini. Haijaishia huko. Matatizo mengi ya mpakani yana mzizi mmoja, nao ni kwamba mwenye viza anashughulikiwa kama mtalii. Shirika la ndege linamdai tiketi ya kurudi, mashine inamhesabia siku 90, afisa anamgongea siku 60 badala ya 180. Wakati mwingine ni yeye mwenyewe, kwa hofu, anayesema "nimekuja kutembea".

Naanza na kibandiko cha viza. Kikague siku ileile unayokipokea, ukiwa bado karibu na ubalozi. Linganisha namba ya pasipoti na jina, herufi kwa herufi. Tazama tarehe ya kuanza na ya kuisha, idadi ya safari za kuingia (moja, mbili au nyingi), aina ya viza, na mstari wa maelezo wa chini kabisa. Kosa la kibandiko husahihishwa na aliyekitoa. Afisa wa mpakani hana kalamu ya kulisahihisha.

Tarehe ya kuanza ndiyo inayowaponza wengi. Viza ikianza tarehe 1 na ndege ikatua tarehe 31 saa 5:40 usiku, wewe huna viza. Hilo huwapata hasa wanaounganisha ndege, kwa sababu wameangalia tarehe ya kufika mwisho wa safari wakasahau tarehe ya kutua uwanja wa kwanza wa Schengen.

---

Dada Kabrasha

Asante kwa kufungua, mkuu. Naongezea hatua inayosahaulika, kaunta ya ndege.

Mtu wa kwanza kuamua kama utasafiri ni mhudumu wa kaunta pale unapoondokea. Anaingiza uraia wako, unakokwenda na aina ya safari katika Timatic, mfumo ambao mashirika ya ndege hukagulia masharti ya hati za safari, kisha anafuata jibu linalotoka. Akiingiza safari ya kitalii, mfumo utamwambia adai tiketi ya kurudi, hata kama una viza ya mwaka mzima. Hapo usigombane naye. Fungua ukurasa wa viza, mwonyeshe herufi D na tarehe ya mwisho, na umwombe aangalie upya kwa kuingiza viza ya muda mrefu au ukaazi. Akishindwa, omba msimamizi wa zamu.

Mwelewe pia anaogopa nini. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2001 inazitaka nchi wanachama ziyatoze faini mashirika yanayoleta abiria wasio na hati zinazotakiwa: ama kima cha chini kisichopungua euro 3,000 kwa kila abiria, ama kiwango cha juu kisichopungua euro 5,000. Ndiyo maana anakataa kwanza, maswali baadaye.

Fika saa 3 kabla. Usitegemee kumaliza usajili wa safari kwenye simu, maana mara nyingi mfumo utakurudisha kaunta ili hati zionekane kwa macho.

---

mgeni_mpya

Wakuu, naomba ufafanuzi. Viza imetolewa na Ureno, ndege inapitia Frankfurt halafu Lisbon. Nani anayenikagua, Mjerumani au Mreno?

---

Mlinda Tarehe

Mjerumani. Frankfurt ndiyo mlango wako wa Schengen, na kipande cha Frankfurt hadi Lisbon kinahesabiwa kama safari ya ndani. Kwa hiyo utaulizwa maswali ya kuingia na afisa ambaye hakutoa viza hiyo, na huenda utaratibu wa Ureno hajauzoea.

Ulinzi wako upo kwenye Kanuni za Mipaka ya Schengen, yaani Kanuni 2016/399, kifungu cha 6(5)(a). Kinasema mwenye kibali cha ukaazi au viza ya muda mrefu anayepungukiwa na baadhi ya masharti ya kawaida ya kuingia aruhusiwe kupita ili afike nchi iliyompa hati hiyo. Anazuiwa tu ikiwa jina lake limo kwenye orodha ya tahadhari ya nchi anayoingilia, pamoja na agizo la kumkatalia. Huhitaji kumsomea afisa kifungu. Sema hivi, kwa utulivu: "Ninaelekea Ureno, nina viza ya Ureno ya muda mrefu, ndege yangu ya kuunganisha ni saa fulani." Uwe na tiketi ya kipande cha pili mkononi, kwa sababu ndiyo inayothibitisha kwamba unapita.

Acha angalau saa 3 kati ya ndege na ndege. Dakika 70 zinamtosha mtu asiyeulizwa kitu, na wewe huenda ukaulizwa.

Jambo la pili, epuka tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali kupitia nchi isiyo ya Schengen, London kwa mfano. Mzigo usiposajiliwa hadi mwisho wa safari utalazimika kupita uhamiaji wa huko ili uuchukue, na viza yako ya D haina nguvu yoyote pale.

---

Nahodha wa Nyaya

Hapa ndipo penye moto wa sasa: EES, mfumo wa Schengen wa kusajili kuingia na kutoka. Ulianza tarehe 12 Oktoba 2025, ukawekwa kwa awamu hadi tarehe 10 Aprili 2026. Unasajili picha ya uso na alama za vidole vinne za wageni wanaoingia kwa muda mfupi, na kuwahesabia siku 90 ndani ya kila siku 180.

Wenye viza ya muda mrefu na wenye kibali cha ukaazi HAWASAJILIWI humo. Tatizo ni foleni. Uwanja unaelekeza kila mwenye pasipoti isiyo ya Ulaya kwenye mashine za kujihudumia, mtu anabonyeza tu kila linalojitokeza, na dakika 2 baadaye amefunguliwa faili la mgeni wa muda mfupi. Siku ya 91 mfumo unamwona amekaa kupita kiasi, ingawa yuko nchini kihalali kabisa.

Mashine ikikuuliza kama una viza ya muda mrefu au kibali cha ukaazi, jibu ndiyo. Isipouliza, iache, nenda kwa mtumishi, mwonyeshe viza na uombe dirisha lenye afisa. Ukifika dirishani, ukurasa wa viza uwe wazi tayari kabla hujampa pasipoti. Akifungua ukurasa wa picha pekee atakuona kama abiria wengine 300 wa ndege hiyo.

Kuhusu muhuri: kwa mwenye viza ya muda mrefu, nchi iliyoitoa inaweza kugonga ikiwa sheria yake ya ndani imesema hivyo, na inaweza isigonge. Usije ukategemea muhuri kama ushahidi wako wa tarehe ya kuingia. Tunza pasi ya kupandia ndege, ile ya karatasi au picha yake, pamoja na risiti ya tiketi.

---

mgeni_mpya

Na aliyeingia kama mtalii, akasajiliwa EES, halafu akapata kibali akiwa ndani? Hispania inaruhusu kuomba kibali cha kazi ya mbali ukiwa hukohuko.

---

Nahodha wa Nyaya

Swali zuri sana, ndugu. Huyo ana kuingia kulikoandikwa bila kutoka. Nchi iliyompa kibali ndiyo yenye wajibu wa kuangalia kama yumo kwenye EES na kufuta kumbukumbu hizo. Isipofanya hivyo, kasoro itaibuka siku anapotoka au anapoingia tena, tena huenda kupitia nchi nyingine.

Kwa hiyo ukishapata kibali, usisubiri safari. Andika kwa mamlaka ya uhamiaji, ambatisha nakala ya kibali, ukurasa wa picha wa pasipoti na ushahidi wa siku uliyoingia, uombe data zako zirekebishwe. Ombi la kusahihisha linaweza kupelekwa kwa mamlaka husika ya nchi yoyote mwanachama. Safiri na nakala ya ombi hilo na ya uamuzi wa kibali unaoonyesha kilianza lini, mpaka uthibitishiwe kwamba limeshughulikiwa. Ukiacha, rekodi isiyo na siku ya kutoka hukaa humo kwa miaka 5.

---

Mlinda Tarehe

Kabla hatujasahau: siku 90 bado zinakuhusu, ila nje ya nchi iliyokupa viza. Mwenye viza D ya Hispania anaweza kukaa Hispania muda wote wa viza, na siku hizo haziingii kwenye hesabu. Akienda Italia siku 40, Ujerumani 30, Ufaransa 20, hizo ni 90. Zikiwa zote ndani ya kipindi kimoja cha siku 180, hana tena siku ya kutembelea nchi nyingine ya Schengen mpaka zile za mwanzo zianze kudondoka. Kwa kuwa EES haimsajili, ushahidi ni jukumu lake: risiti za hoteli, tiketi za treni, miamala ya benki yenye jina la mji.

---

Mzee wa Viza

Mimi ushauri wangu mfupi: neno "kazi" lisitoke mdomoni. Sema unatembea, yaishe.

---

Dada Kabrasha

Mzee wangu, kwa heshima zote, hapo nakupinga. Ushauri huo ni wa mtu mwenye viza ya kitalii, na hata kwake ni hatari. Mtu ameshika viza iliyotolewa kwa ajili ya kuishi na kufanya kazi kwa mbali. Akisema anatembea, maneno yake yanapingana na hati aliyoileta mwenyewe. Afisa anayeona mgongano huo ana kila sababu ya kumpeleka chumba cha mahojiano. Fomu ya Schengen ya kukataliwa kuingia ina sababu zilizopangwa kwa herufi, na herufi E ni kukosa hati zinazothibitisha kusudi na masharti ya kukaa. Uongo ndio unaomsogeza mtu kwenye E.

Kosa la upande wa pili ni kusema "nakuja kufanya kazi" halafu kunyamaza. Afisa anasikia ajira ya hapo nchini bila kibali. Sentensi inayotosha ni hii: "Nitaishi hapa kwa viza ya kazi ya mbali. Mwajiri wangu yuko nje ya nchi hii, ananilipa kutoka huko." Kisha nyamaza, jibu unaloulizwa tu.

Barua ya mwajiri iwe kwenye karatasi, yenye tarehe isiyozidi mwezi mmoja. Iandike jina kama lilivyo kwenye pasipoti, cheo, tarehe ya kuanza ajira, mshahara wa mwezi, na kauli ya wazi kwamba kazi yote inafanyika kwa mtandao na mwajiri anaridhia ifanyike ukiwa nchi hiyo, ukiitaja kwa jina. Weka namba ya simu itakayopokelewa SAA UNAYOTUA. Watu huweka simu ya ofisi ambayo kwa saa za huko ni saa 9 usiku, afisa anapiga, hakuna anayepokea. Kwa aliyejiajiri, chukua mikataba miwili au mitatu ya wateja na ankara zilizolipwa zinazolingana na taarifa ya benki ya miezi 3.

Viza ya Hispania ina sharti lake: mfanyakazi aliyeajiriwa afanyie kampuni ya nje tu, ila aliyejiajiri anaweza kuwa na kazi ya kampuni za Hispania isiyozidi asilimia 20 ya shughuli zake zote. Ukiulizwa kuhusu wateja wa Hispania, jua asilimia yako.

Na kuna viza za muda mrefu ambazo si za kazi hata kidogo. Ile ya Hispania iitwayo "no lucrativa" hairuhusu shughuli ya kipato. Ya Ufaransa ya "visiteur" hutolewa kwa ahadi ya maandishi kwamba hutafanya shughuli ya kitaaluma Ufaransa. Mwenye hizo akiulizwa kuhusu kompyuta mpakato na mwajiri, hakuna sentensi nzuri ya kumwokoa. Dawa yake ni kubadili aina ya viza kabla ya kusafiri.

---

Mzee wa Viza

Nimekuelewa, binti. Hoja ya mgongano wa maneno na hati sikuipa uzito. Nafuta ushauri wangu.

---

Upepo wa Mashariki

Nihamie Thailand. DTV ilianza Julai 2024. Inadumu miaka 5, unaingia mara nyingi, na kila ukiingia unapewa siku 180. Kosa la kawaida ni muhuri. Afisa anagonga kama mtalii wa siku 60, hasa kama viza ni ya kielektroniki na haijabandikwa kwenye pasipoti, maana hakuna kinachomvuta jicho.

Chapisha ile hati ya viza, ikunje ndani ya ukurasa wa picha, mkabidhi kwa pamoja na useme "DTV". Ukipokea pasipoti usisogee. Siku ya kuingia ni siku ya kwanza. Ukiingia tarehe 10 Januari katika mwaka wa siku 365, siku 180 zinaishia tarehe 8 Julai. Ukiona tarehe 10 Machi, umehesabiwa siku 60. Sema hapohapo, kwa adabu, ukionyesha hati. Ukishapita dirisha, marekebisho ni ya kwenda ofisi ya uhamiaji na kupanga foleni upya, na ukizembea mpaka tarehe ipite, faini ni baht 500 kwa siku, mwisho baht 20,000.

Kabla ya safari jaza kadi ya kidijitali ya kuwasili, TDAC, ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Ni ya lazima tangu tarehe 1 Mei 2025 na ni BURE. Tovuti inayokudai pesa siyo ya serikali. Namba ya pasipoti na ya viza ziwe sawasawa na hati uliyochapisha.

Ukitokea nchi iliyo kwenye orodha ya homa ya manjano, beba cheti cha chanjo. Kinaanza kutumika siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 kinahesabika cha maisha yote. Usichome sindano siku 4 kabla ya ndege ukategemea kupita.

---

mgeni_mpya

Na ukitoka ukarudi? Naona wengi wanakwama safari ya pili kuliko ya kwanza.

---

Mlinda Tarehe

Kweli kabisa, na hapo kila nchi ina mtego wake.

Ureno: viza ya ukaazi ya D8, ile ya kazi ya mbali, hutolewa kwa miezi 4 na safari MBILI za kuingia, ili upate muda wa kwenda AIMA, mamlaka ya uhamiaji ya Ureno, kuchukuliwa alama za vidole na kupewa kadi. Ukiingia Lisbon, ukaenda London wikendi, ukarudi, zote mbili zimeisha. Ukitoka tena nje ya Schengen kabla ya kadi, huna cha kuingilia. Halafu, serikali ya Ureno imekuwa ikiongeza kwa amri muda wa vibali vilivyoisha kwa sababu ya mrundikano wa maombi. Amri hiyo ni ya ndani. Afisa wa Frankfurt au Madrid halazimiki kuitambua, kwa hiyo anayesafiri na kadi iliyoisha achukue ndege ya moja kwa moja kuingia na kutoka Ureno.

Ufaransa: viza ya VLS-TS (ya muda mrefu inayohesabika pia kama kibali cha ukaazi) lazima uithibitishe mtandaoni ndani ya miezi 3 tangu kuingia, na kulipa stempu ya kodi. Usipofanya, kibandiko kinaonekana kizima lakini ukaazi wako si halali tena, na hutaweza kuvuka mpaka wa Schengen kurudi. Kuna pia stakabadhi ya maombi, "récépissé". Ile ya kuhuisha kibali inakurudisha ukiwa nayo pamoja na kadi iliyoisha. Ile ya ombi la kwanza haikurudishi peke yake, unahitaji viza ambayo bado hai.

Hispania: kama kadi ya TIE, yaani kadi ya ukaazi ya mgeni, imeisha na ombi la kuhuisha liko mezani, omba "autorización de regreso", yaani ruhusa ya kurudi, kabla ya kutoka. Inadumu siku 90 tu, kwa hiyo panga tarehe ya kurudi kwanza, ndipo uombe.

---

Nahodha wa Nyaya

Uingereza kwa kifupi: viza za muda mrefu sasa ni za kielektroniki, zimefungwa kwenye namba ya pasipoti. Ukihuisha pasipoti na usiiunganishe mpya kwenye akaunti yako ya UKVI (idara ya viza na uhamiaji ya Uingereza), shirika la ndege likikagua halitapata kitu. Fanya hivyo wiki kadhaa kabla ya safari, na beba pasipoti zote mbili.

---

mgeni_mpya

La mwisho, wakuu. Ikitokea umekataliwa kabisa, unafanya nini dakika ile?

---

Dada Kabrasha

Kwanza omba karatasi. Kifungu cha 14 cha Kanuni za Mipaka kinataka uamuzi uwe wa maandishi, kwenye fomu maalumu, wenye sababu. Tazama herufi iliyowekewa alama. C ni kukosa viza au kibali halali, F ni kwamba tayari umekaa siku 90, G ni fedha, H ni tahadhari ya kuzuiwa kuingia kwenye SIS, mfumo wa pamoja wa taarifa wa nchi za Schengen. Ikiwa ni F na wewe una viza D, kuna uwezekano mkubwa umesomwa kama mtalii. Sema hivyo palepale, fungua ukurasa wa viza, omba ofisa wa ngazi ya juu na mkalimani kama lugha inakushinda.

Kutia sahihi kwamba umepokea fomu hakumaanishi umekubali sababu. Ila usitie sahihi maelezo ambayo hujayaelewa, wala kauli yoyote ya kuiacha viza.

Haki ya kukata rufaa ipo, lakini rufaa haizuii kurudishwa. Ufaransa unaweza kudai "jour franc", siku moja kamili kabla ya kurudishwa, na lazima uidai mwenyewe, hailetwi. Siku hiyo itumie kuupigia ubalozi au ofisi iliyokupa viza, mwajiri na wakili. Namba hizo ziandike kwenye karatasi, kwa sababu simu inaweza kuzima chaji au ikachukuliwa kwa muda.

Ukirudishwa, hakikisha umeondoka na nakala ya fomu, na uangalie kama kibandiko cha viza kimegongwa kuwa kimefutwa. Kama hakijafutwa na sababu ilikuwa karatasi iliyopungua, viza bado ni yako: kamilisha kilichokosekana, wasiliana na aliyeitoa, na safari ijayo ingia moja kwa moja kupitia nchi hiyo.